Fedora 38 na kielekezi cha fremu: kupima programu kubwa bila kuikompaili upya

Programu kubwa inapokula prosesa, swali la kwanza la mhandisi ni fanksheni ipi inayokula muda. La pili, na ndilo lenye faida zaidi, ni nani anayeiita fanksheni hiyo. Swali la kwanza hujibiwa na `perf`, zana ya kupimia ya Linux, kwa sekunde chache kwenye Linux yoyote. La pili, kwa miaka mingi, lilijibiwa kwa sharti moja zito: chukua msimbo wa programu, chukua na msimbo wa kila maktaba ambayo programu inaitumia, vikompaili vyote upya kwa chaguo linalofaa kupimia, ndipo uanze kazi yako.

Sharti hilo ndilo lililozua mvutano ndani ya mradi wa Fedora, moja ya distro (mifumo kamili iliyofungashwa) za Linux, kuanzia katikati ya mwaka 2022 hadi Januari 2023. Juu juu, watu walikuwa wakibishania rejista moja ya prosesa (nafasi ndogo ya kuwekea thamani ndani yake) na asilimia mbili za kasi. Kwangu mimi kisa hiki ni cha gharama ya kukompaili: nani ailipe, ailipe lini, na ailipe mara ngapi. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu uamuzi uliotoka hapo umeshawafikia wengi wanaotumia Ubuntu 24.04 kwenye kompyuta zao na kwenye seva wanazokodi, na wengi wao hawajui kwamba mlango umefunguliwa.

Mnyororo ulioko ndani ya staki

Fanksheni inapoitwa, prosesa huhifadhi anwani ya kurudia kwenye staki, kumbukumbu ambamo kila fanksheni hupata kipande chake kiitwacho fremu. Kwenye x86-64, fanksheni iliyokompailiwa kwa mtindo wa zamani huanza na kumalizika hivi:

```
push %rbp
mov  %rsp,%rbp
...
pop  %rbp
ret
```

Mistari miwili ya mwanzo inafanya jambo dogo lenye uzito. Wa kwanza unahifadhi thamani ya `rbp` ya fanksheni iliyoita. Wa pili unaielekeza `rbp` mahali hapo hapo ilipohifadhiwa. Matokeo yake, wakati wowote programu ikiwa inakwenda, `rbp` inaelekeza kwenye fremu ya sasa, na ndiyo maana inaitwa kielekezi cha fremu. Mahali hapo pana anwani ya fremu ya aliyeita. Na baiti 8 juu yake pana anwani ya kurudia. Anayetaka kujua nani kamwita nani husoma maneno mawili ya kumbukumbu, anaruka kwenye fremu inayofuata, anasoma mengine mawili, hadi mwanzo wa programu. Hakuna jedwali la kutafuta wala hesabu ya kupiga. Kerneli inaweza kufanya hivyo katikati ya katizo bila kusumbua mtu, na ndivyo `perf` na zana za BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli) zinavyosoma staki ya programu.

Kompaila zikaacha kuuandika mnyororo huo. Kwenye prosesa za biti 32 sababu ilikuwa ya haki: zilikuwa na rejista 8 tu za matumizi ya jumla, na moja tayari ni ya staki. Kutenga nyingine kwa ajili ya fremu kulimwachia kompaila rejista 6. GCC 4.6, ya mwaka 2011, ikafanya kuiacha fremu kuwa kawaida hata kwenye Linux ya biti 32. Kwenye x86-64, waraka wa ABI (kanuni za namna msimbo uliokompailiwa unavyoitana) tangu mwanzo ulisema kielekezi cha fremu ni hiari, kwa kuwa kukiacha kunaokoa maagizo machache na kumpa kompaila rejista moja ya ziada. Lakini x86-64 ina rejista 16. Kutoka 15 kwenda 14 si sawa na kutoka 7 kwenda 6, na hapo ndipo hoja ya zamani inapoanza kulegea.

Kuna jambo dogo la kuangalia kwa karibu, maana ndilo linalowapotosha wengi. Fanksheni isiyogusa `rbp` kabisa haivunji mnyororo. Inamficha tu aliyeiita, na mnyororo unaendelea kwa walio juu zaidi. Madhara huja pale kompaila anapoichukua `rbp` kama rejista ya kawaida, akaweka humo hesabu ya mzunguko au anwani ya data fulani. Hapo `perf` inafuata namba isiyo na maana, inasoma takataka, na kwenye ripoti inakuandikia `[unknown]`. Fanksheni moja ya namna hiyo katikati ya njia inatosha kukuficha kila kitu kilicho juu yake.

Programu moja, maktaba chungu nzima

Tuchukue programu ya kawaida ya GNOME inayoonyesha maandishi marefu. Programu yenyewe inaiita GTK. GTK inaiita Pango ipange mistari. Pango inaiita HarfBuzz ichague umbo la kila herufi. HarfBuzz huenda ikaiendea FreeType. Na chini ya zote ziko maktaba za msingi, GLib ya GNOME na glibc ya lugha ya C. Unapima, unakuta `hb_shape` iko juu kabisa ya orodha. Taarifa hiyo peke yake haina msaada. HarfBuzz haina kosa. Kuna mahali juu huko panapoiita mara nyingi kupita kiasi, pengine maandishi yale yale yanapangwa upya kila mara dirisha linapochorwa. Ili upaone hapo, mnyororo lazima upite salama katika kila maktaba niliyoitaja.

Kwenye Fedora 37 haukupita. Kuikompaili programu yako pekee kwa `-fno-omit-frame-pointer`, chaguo linalomwamuru kompaila atunze kielekezi cha fremu, kulisaidia nusu ya njia, maana maktaba za distro zilikuwa zimekompailiwa bila chaguo hilo. Ilibidi uanze na HarfBuzz, kisha Pango, kisha GTK, kisha GLib, kila moja na utegemezi wake wa ujenzi, kila moja na mfumo wake wa kujengea. Ukimaliza una mfumo ambao si ule anaotumia mteja wako. Ukikuta tatizo limetoweka, hujui limetoweka kwa sababu gani.

Dawa za zamani hazikuokoa hali hii. Gprof, iliyotolewa mwaka 1982 na Susan Graham, Peter Kessler na Marshall McKusick wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, hudai programu ikompailiwe kwa `-pg`, ambayo inaingiza mwito wa ziada kwenye kila fanksheni. Ilikuwa kazi kubwa kwa zama zake. Kwa programu ya leo iliyotawanyika katika makumi ya maktaba, `-pg` inakurudisha kwenye mlima ule ule wa kukompaili, na juu yake inabadilisha mwendo wa fanksheni ndogo ndogo kiasi kwamba unachokipima si kile ulichokusudia.

Njia nyingine ni kutumia taarifa za DWARF, muundo wa maelezo ya utatuzi yanayowekwa ndani ya baineri. Kwenye x86-64 karibu kila baineri hubeba sehemu iitwayo `.eh_frame`, iliyowekwa hasa kwa ajili ya hitilafu za C++, na humo mna maelezo ya namna ya kurudi nyuma kutoka kila agizo. Basi kwa nini kerneli isiyasome hayo? Kwa sababu kuyasoma ni kuendesha programu ndogo ndani ya katizo, kwenye kumbukumbu ambayo huenda haipo RAM wakati huo. Linus Torvalds alishakataa msimbo wa aina hiyo uingie kwenye kerneli, baada ya kuona hitilafu ulizozalisha hata pale ulipotakiwa kusoma staki ya kerneli yenyewe.

Kwa hiyo `perf record --call-graph dwarf` hufanya mzunguko mrefu: kwa kila sampuli (kila mara inapochungulia programu inayokwenda) hunakili kipande cha staki, baiti 8192 kwa kawaida, na kukiandika kwenye faili ili kichambuliwe baadaye. Piga hesabu. Sampuli 99 kwa sekunde mara baiti 8192 ni kama kilobaiti 811 kwa sekunde kwa kila kiini cha prosesa. Seva ya viini 16 iliyo kazini kweli kweli itaandika karibu megabaiti 13 kila sekunde, yaani megabaiti 780 hivi kwa dakika moja. Staki ikizidi baiti hizo 8192, sehemu ya juu inakatwa, na sehemu ya juu ndiyo yenye jibu. Kisha uchambuzi wenyewe unachukua muda mrefu kuliko upimaji.

Intel nayo iliweka kwenye prosesa zake kumbukumbu ya miruko ya mwisho, ambayo `perf` huitumia kwa `--call-graph lbr`. Prosesa za kizazi cha Haswell zina nafasi 16 na za Skylake zina 32. Ni nzuri, lakini staki ya programu yenye GTK au Java hupita fremu 32 bila taabu, na kwenye mashine pepe za kukodi mara nyingi kifaa hicho hakipatikani.

Pendekezo na namba zake

Davide Cavalca, Andrii Nakryiko na Daan De Meyer, wote wa Meta, waliandika pendekezo fupi: Fedora iongeze `-fno-omit-frame-pointer` na `-mno-omit-leaf-frame-pointer` (hili la fanksheni zisizoita nyingine) kwenye chaguo za kawaida za kukompaili pakiti zote. Kampuni kama Google na Meta zilikuwa zimeshazoea kukompaili hivyo programu za seva zao, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni. Geni lilikuwa kuliweka mikononi mwa kila mtu, hata asiye na uwezo wa kujenga distro nzima mwenyewe.

Walipima kabla ya kuomba, na namba zao ndizo zilizobeba mjadala wote. Blender ilichora fremu kwa kuchelewa takriban asilimia 2. Redis haikuonyesha tofauti ya maana. Baadhi ya majaribio ya Python yalipungua kasi kati ya asilimia 1 na 10. Na GCC, ikiwa yenyewe imekompailiwa na kielekezi cha fremu, iliikompaili kerneli ya Linux polepole zaidi kwa asilimia 2.4.

Namba hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa inagusa kiini cha kisa. Badiliko lililokusudiwa kuwaondolea watu mzigo wa kukompaili kwa ajili ya kupima lilikuwa linaongeza muda wa kila ukompaili mwingine duniani unaofanywa na GCC ya Fedora. Kazi ya saa nzima inakuwa dakika 61 na sekunde 26 hivi. Kwa anayejenga mara kumi kwa siku hilo linaonekana kwenye saa. Waliopinga walikuwa na haki ya kulishika.

Lakini linganisha na upande wa pili. Dakika moja na nusu inayotawanyika ndani ya saa haimzuii mtu kufanya kazi. Kujenga upya GLib, Pango, HarfBuzz na GTK ili tu uone nani anamwita nani kunamzuia kabisa, na ushahidi wake ni kwamba watu wengi hawakufanya. Walikisia. Walisoma msimbo, wakaweka `printf` hapa na pale, wakarekebisha kile walichodhani ni tatizo. Nimeliona hilo katika timu nyingi, na siwalaumu: mwenye kompyuta ya RAM ya gigabaiti 8 na kifurushi cha data kinachoisha hawezi kushusha msimbo wa nusu ya GNOME na kuujenga ili ajibu swali moja.

Hoja ya waliokataa

Wahandisi wa kompaila na glibc walilipinga pendekezo kwa nguvu, na hoja yao kuu ilikuwa ya uadilifu: mamilioni ya watumiaji hawatawahi kuendesha `perf`, kwa nini walipe asilimia moja au mbili ya kasi yao kila siku ili wachache wapime kwa urahisi? Faida ya asilimia mbili ndani ya kompaila huchukua miaka ya kazi. Kuiacha kwa mstari mmoja wa chaguo kulionekana kwao kama kudharau kazi hiyo. Walisema pia kwamba dawa sahihi ni kujenga njia bora ya kusoma staki, ama kwa jedwali jepesi ama kwa msaada wa maunzi, badala ya kurudi miaka ishirini nyuma.

Siiti hoja hiyo dhaifu. Kasoro yake ni kuhesabu gharama peke yake. Mtumiaji asiyeijua `perf` anafaidika siku msanidi wa programu anayoitumia anapoona, kwa ushahidi, kwamba kuna kazi inayofanywa mara mia pasipo sababu, akaiondoa. Marekebisho ya aina hiyo hayaleti asilimia mbili. Mara nyingi huleta nusu au zaidi. Na jedwali jepesi lililosemwa halikuwepo bado. Kumwambia mtu asubiri kifaa kisichokuwepo ni kumwambia aendelee kukisia.

Kuhusu Python, waliopinga walikuwa sahihi moja kwa moja. Moyo wa CPython, yaani Python ya kawaida, ni fanksheni moja kubwa mno, `_PyEval_EvalFrameDefault`, inayozunguka kwenye kila agizo la programu yako. Ndani yake kompaila anazigombania rejista zote alizonazo. Mnyang'anye moja na anaanza kumwaga thamani kwenye staki na kuzirudisha, tena na tena, mahali ambapo programu inatumia karibu muda wake wote. Fanksheni za kawaida hazina njaa hiyo. Hata ukubwa wa msimbo hauongezeki kama mtu anavyodhani: maagizo yale matatu ya kuhifadhi, kuelekeza na kurudisha `rbp` yana baiti 5 kwa jumla, na kila mara kompaila anaposoma staki kupitia `rbp` badala ya `rsp` anaokoa baiti moja ya agizo. Kwenye fanksheni ndefu hesabu huweza kulingana.

Uamuzi, na kwa nini Januari

Kamati ya uhandisi ya Fedora, FESCo, ililikataa pendekezo kwanza, mwaka 2022. Mwanzoni mwa Januari 2023 ikalirudia na kulikubali kwa ajili ya Fedora 38, kwa masharti ya kulitathmini tena wakati wa Fedora 40. Watunzaji wa Python 3.11 waliruhusiwa kujitoa. Njia ya kujitoa ni mstari mmoja kwenye faili ya pakiti:

```
%undefine _include_frame_pointers
```

Baadhi ya waliopinga walilalamika kwamba jambo lilirejeshwa mezani upesi, siku za sikukuu, bila wao kuarifiwa ipasavyo. Naliona lalamiko hilo ni la haki. Uamuzi ulikuwa mzuri. Namna ulivyofikiwa iliacha kidonda kisicho cha lazima, na katika mradi wa watu wanaojitolea, kidonda cha namna hiyo huchukua muda kupona.

Haraka yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na sababu ya kiufundi ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye akili zaidi katika kisa kizima. Fedora hujenga upya pakiti zake zote kwa mkupuo mmoja kabla ya matoleo mengi, hasa GCC mpya inapoingia. Kwa Fedora 38 mpya ilikuwa GCC 13, na ujenzi huo ulipangwa Januari hiyo hiyo. Pakiti zaidi ya elfu ishirini zilikuwa zinakwenda kukompailiwa kwa vyovyote vile. Chaguo likiingia kabla ya mkupuo, gharama ya kuikompaili upya distro nzima kwa ajili ya kupima ni sifuri, kwa kuwa imelipwa tayari kwa ajili ya jambo jingine. Likichelewa wiki chache, lingesubiri toleo lijalo, au lingeingia kwa vipande, pakiti moja ina mnyororo na jirani yake haina. Na nusu ya mnyororo, kama tulivyoona kwa HarfBuzz, ni sawa na kutokuwa nao.

Fedora 38 ilitoka Aprili 2023. Ukiiwasha, ukapachika `perf`, ukaielekeza kwenye programu yoyote ya mfumo, staki inakuja nzima. Majina ya fanksheni nayo yanapatikana kwa kiasi kikubwa bila kushusha kitu, kwani tangu Fedora 18 baineri zake hubeba orodha ndogo ya majina iliyobanwa ndani yake. Ukitaka hadi namba za mistari, huduma ya debuginfod hushusha faili unazohitaji tu, kwa kadiri unavyozihitaji.

Wengine hawakukawia. Desemba 2023 Ubuntu ilitangaza kwamba toleo la 24.04 LTS litakompailiwa na kielekezi cha fremu kwenye mashine za biti 64. Kwa upande wa lugha, Go ilishatangulia tangu toleo la 1.7 mwaka 2016, na waraka wake wa toleo ulikiri waziwazi gharama ya wastani wa asilimia 2 hivi. Apple kwenye arm64 haimwachii mtu hiari: rejista `x29` lazima wakati wote ielekeze kwenye fremu halali. Python nayo ilipofika 3.12, Oktoba 2023, ilileta namna ya kuonyesha majina ya fanksheni za Python ndani ya `perf`, na nyaraka zake zenyewe zinashauri uikompaili CPython kwa chaguo zile zile mbili ili matokeo yawe mazuri.

Nini kinabadilika kwa anayejenga programu yake

Kwenye Ubuntu 24.04 au Fedora 38 na kuendelea, kupima programu inayokwenda ni amri hii, ambapo `PID` ni namba ya mchakato:

```
sudo perf record -F 99 -g -p PID -- sleep 30
sudo perf report
```

Hiyo `-g` bila nyongeza humaanisha fuata kielekezi cha fremu. Faili inayotoka ni ndogo, kwa kuwa kila sampuli ina anwani chache tu badala ya kilobaiti 8 za staki.

Programu yako mwenyewe, hata hivyo, distro haikukompailii. Hapa naomba msomaji asifanye kama wengi, ambao huwa na ujenzi mmoja wa kila siku na mwingine wa kupimia. Ujenzi wa pili kwa programu kubwa ndio ule ule mlima, safari hii umeujenga mwenyewe: chaguo moja likibadilika, kila faili inakompailiwa upya, na ccache, zana inayohifadhi matokeo ya ukompaili ili yatumike tena, haikusaidii kwa kuwa huhesabu chaguo za kompaila ndani ya ufunguo wake. Weka chaguo za kupimia kwenye ujenzi wa kawaida tangu mwanzo:

```
-O2 -g1 -fno-omit-frame-pointer -mno-omit-leaf-frame-pointer
```

Nimeandika `-g1` kwa makusudi. Kwa kupima unahitaji majina ya fanksheni na namba za mistari. Huhitaji maelezo ya kila kigeu na kila aina ya data, ambayo `-g` kamili huyaweka na ambayo hunenepesha faili za kati na kurefusha hatua ya kuunganisha. Kwenye C++ yenye templeti nyingi tofauti hiyo inahisika mara moja. Kwa Rust, chaguo la kielekezi ni `-C force-frame-pointers=yes`.

Kuna mitego ambayo badiliko la distro halikuiondoa. Wa kwanza ni kontena. Programu iliyo ndani ya kontena hutumia maktaba za taswira yake, si za mashine inayoibeba. Taswira ikiwa imejengwa juu ya distro ya zamani, Ubuntu 24.04 iliyo chini yake haikusaidii kitu. Wa pili ni pakiti za Python za `pip` zinazokuja zimeshakompailiwa: NumPy uliyoishusha kutoka PyPI haikujengwa na Ubuntu wala Fedora. Ukitaka kujua hali ya maktaba fulani, iulize yenyewe, kwa mfano hivi kwenye Fedora:

```
objdump -d /usr/lib64/libharfbuzz.so.0 | grep -c 'mov  *%rsp,%rbp'
```

Maktaba yenye mnyororo hutoa namba inayokaribiana na idadi ya fanksheni zake. Isiyo nao hutoa namba ndogo au sifuri.

Mtego wa tatu ni mwembamba. Fanksheni za glibc zilizoandikwa kwa asembli, kama `memcpy` na `strlen`, hazitengenezi fremu. Sampuli ikidondoka ndani ya `memcpy`, `rbp` bado ni ya aliyeiita, na anwani ya kurudia iliyo kwenye fremu hiyo inaelekeza kwa babu, si kwa baba. Ripoti itaonyesha kwamba babu ndiye aliyeiita `memcpy` moja kwa moja. Ukiona mwito ambao hauupati kwenye msimbo hata ukitafuta, angalia kwanza kama kuna fanksheni moja iliyorukwa katikati. Hali hiyo hiyo hutokea sampuli inapodondoka kwenye agizo la kwanza la fanksheni, kabla ya `push %rbp` kukamilika.

Lile jedwali jepesi ambalo waliopinga walilitaka sasa lipo njiani. Linaitwa SFrame, na msaada wake uliingia kwenye binutils 2.40, Januari 2023, mwezi ule ule wa uamuzi wa Fedora. Linabeba yale machache tu yanayohitajika kurudi nyuma kwenye staki, bila ule utata wa DWARF, ili kerneli iweze kulisoma. Likikomaa, kompaila atarudishiwa `rbp` yake. Lakini nalo ni sehemu inayoandikwa ndani ya baineri wakati wa kukompaili, kwa hiyo siku ya kuhamia huko kila distro italazimika kungojea mkupuo wake mwingine.

Kwa sasa njia zimegawanyika hata kati ya ndugu wa karibu. Fedora 40 ilitoka Aprili 2024 ikiwa bado na kielekezi cha fremu. AlmaLinux 10, inayofuata nyayo za RHEL 10 (distro ya kibiashara ya Red Hat), ilitoka mwaka 2025 ikiwa imekiwasha kwa pakiti zake, wakati RHEL 10 yenyewe haikufanya hivyo. Mwenye seva ya ukoo huo na anayetaka kupima programu zake bila kuzikompaili upya sasa ana sababu ya kuchagua kati ya hizo mbili.